Wanasema chumba ninacholala ni cha ziada

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 52, mzaliwa wa Tanga, na zaidi ya miaka ishirini sasa naishi England. Naomba usiutaje mji wetu, maana Waswahili wa huku tunajuana, na haya ninayokuandikia sijamwambia hata mume wangu ninayelala naye nyumba moja.

Mume wangu ana miaka 58. Alikuwa dereva wa basi, mtu wa kuamka kabla ya adhana. Miaka michache iliyopita alipata kiharusi kikali. Mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi, na maneno yanamtoka kwa taabu. Halmashauri ikatupa flati ya chini yenye vyumba viwili vya kulala. Wakatengeneza bafu lisilo na kizingiti, wakaweka vyuma vya kushikilia ukutani, wakapanua milango ili kiti cha magurudumu kipite. Chumba kikubwa ndicho chake. Ndani kuna kitanda cha hospitali cha umeme, cha mtu mmoja, chenye godoro la hewa linalovuma usiku kucha, kuna mashine ya kumnyanyulia na kuna kiti chake. Baada ya hapo inabaki njia ya kupita mtu mmoja, tena kwa ubavu.

Chumba cha pili alikuwa akilala mwanetu. Mimi nilikuwa natandika godoro sebuleni. Mwaka jana kijana akapata kazi Leeds akahamia huko. Nilimshukuru Mungu kwa kazi yake, na kusema kweli nilimshukuru pia kwa kitanda, maana mgongo wangu ulikuwa umekwisha kwa kulala chini na kumgeuza mgonjwa usiku. Nikahamia chumbani kwake. Na kwa kuwa nimelelewa kusema ukweli, niliingia kwenye ukurasa wa Universal Credit, ule msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, nikawaarifu kwamba mtoto ameondoka.

Wakatukata. Wakasema sasa tumebaki mke na mume, mke na mume wanastahili chumba kimoja, kwa hiyo tuna chumba cha ziada. Kodi yetu ni pauni 110 kwa wiki. Wamepunguza asilimia 14, kama pauni 67 kwa mwezi. Najua wapo watakaosema pauni 67 si kitu. Kitanda kile kinakula umeme, godoro linakula umeme, na mume wangu hawezi kukaa kwenye baridi. Mimi nafanya usafi ofisini saa chache asubuhi, jirani akiwa amekaa naye, na hizo saa siwezi kuziongeza. Nilianza kulipa kodi pungufu nikitegemea nitafidia mwezi unaofuata. Sasa deni limefika kama pauni 400. Barua za mwenye nyumba zimebadilika lugha, na ya mwisho inataja mahakama. Zote nimezificha kwenye begi la safari juu ya kabati.

Watu wangu wawili watatu niliowadokezea kila mmoja ana lake. Afisa mmoja kwenye simu alisema tunaweza kuomba nyumba ya chumba kimoja. Dada yangu aliye Leicester anataka nimchukue mwanawe, anafanya kazi ghalani huku kwetu na yuko tayari kulipa pauni 70 kwa wiki. Ni kijana mzuri, lakini akiingia chumbani mimi narudi sebuleni. Nimewaza pia kuacha kumtumia mama yangu zile pauni 50 za kila mwezi, za dawa ya presha na matumizi yake. Nikiwaza hivyo tu, usingizi unapotea.

Rafiki yangu mmoja ninayesoma naye darsa ameniambia nisiwachokoze. Anasema nikianza kulalamika watampima upya mzee na PIP yake, ile posho ya ulemavu, itakwenda. Na mimi mwenyewe naona haya. Tangu tufike nchi hii tumekula jasho letu, leo niende kuombaomba?

Mume wangu ndiye aliyeshika hesabu za nyumba maisha yetu yote. Alipougua alikuwa akilia na kusema amekuwa mzigo. Nikimwonyesha barua inayosema tunakatwa kwa sababu ya chumba, najua atakachosema.

Nihame, nimchukue mtoto wa dada, au nimwambie mama avumilie? Sheria ni sheria, najua hilo. Nataka tu mtu anisaidie kuchagua.

Mama wa Tanga

*

Marahaba, mdogo wangu, na pole. Pole kwa mgonjwa, pole kwa mgongo, na pole kwa kuyabeba haya peke yako.

Kabla ya yote, nitolee hilo begi juu ya kabati. Soma barua ya mwisho uone ni onyo la kawaida, ni notisi ya kutaka nyumba yao, au tayari ina tarehe ya kesi. Kama ni notisi, au kuna tarehe, usisubiri hata kumaliza kusoma safu hii. England na Wales, mtu akishapata maandishi kwamba anaweza kupoteza nyumba yake ana haki ya ushauri wa sheria bila malipo, bila kujali kipato, na hata siku ya kesi hukaa wakili mahakamani wa kusaidia waliokuja bila mtu. Citizens Advice au Shelter, mashirika ya kutoa ushauri, watakuelekeza kwa karibu yako. Mwenye nyumba hawezi kukutoa kwa barua, anahitaji amri ya mahakama, na kabla ya kwenda huko halmashauri inatakiwa iwe imejaribu kukubaliana nawe namna ya kulipa. Wanaokaa kimya ndio wanaofika mbali kwenye njia hiyo. Ukiwapigia ukasema unaweza kulipa kiasi fulani kidogo cha deni kila wiki, kiasi ambacho kweli utakiweza, mazungumzo yanakuwa mengine.

Sasa nije kwenye swali lako. Umeniuliza uhame, umchukue kijana, au umpunguzie mama. Yote matatu yamekubali jambo moja kwanza, kwamba hicho chumba ni cha ziada. Umelikubali kwa sababu limeandikwa kwenye barua ya serikali. Mimi nimesoma barua yako mara kadhaa natafuta chumba cha ziada humo ndani na sijakiona. Nimeona chumba cha mgonjwa na chumba cha anayemuuguza.

Kanuni hii, ambayo watu wengi huiita kodi ya chumba (bedroom tax), ilitokana na sheria ya 2012 ya kubadili mfumo wa misaada na ikaanza Aprili 2013. Inawahusu wapangaji wa halmashauri na wa vyama vya nyumba ambao hawajafika umri wa pensheni. Chumba kimoja kinachohesabiwa cha ziada hupunguza asilimia 14 ya kodi inayosaidiwa, viwili au zaidi asilimia 25. Serikali ilisema inataka wenye nafasi wawapishe waliobanana. Lakini makadirio yake yenyewe, kabla kanuni haijaanza, yalionyesha kwamba kaya kama 660,000 zingeguswa, na kama 420,000 kati ya hizo zilikuwa za watu wenye ulemavu. Walijua nani atakayekatwa, wakaendelea. Scotland na Ireland ya Kaskazini zimekuwa zikifidia makato haya kwa fedha zao, kwa hiyo mzigo umebaki kwa wapangaji wa England na Wales. Mimi kanuni hii inaniuma tangu siku ya kwanza, na sitakuficha.

Wapo waliokataa kuinyamazia. Mama mmoja wa Southport, aliyezaliwa na mgongo wazi, alikuwa analala kwenye kitanda maalumu chenye godoro la umeme. Chumbani hapakuwa na nafasi ya kitanda cha pili, mumewe akawa analala chumba kingine. Walikatwa asilimia 14 hiyohiyo, kwa sababu hiyohiyo: mke na mume, chumba kimoja. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 9 Novemba 2016 majaji wakaamua kwamba kuwakata namna ile ni ubaguzi usio na sababu ya maana. Siku hiyo walishinda pia babu na bibi wa Wales waliokuwa wakimlea mjukuu anayehitaji walezi wa usiku. Kuanzia 1 Aprili 2017 kanuni zikarekebishwa. Wanandoa wasioweza kulala chumba kimoja kwa sababu ya ulemavu wa mmoja wao wanaweza kuhesabiwa vyumba viwili, mradi mwenye ulemavu anapokea posho inayotambuliwa. PIP ya maisha ya kila siku ni mojawapo. Tazama barua ya PIP ya mume wako uone kama ana sehemu hiyo, maana ile ya usafiri peke yake haitoshi kwa jambo hili.

Kwa hiyo unaposema sheria ni sheria, nakubaliana nawe. Ila sheria ina mlango ambao hukuonyeshwa. Ulipowaarifu kwamba mtoto ameondoka, hesabu ilifanywa ya vichwa na vyumba. Sioni mahali katika barua yako ambapo mtu alikuuliza wewe na mzee mnalalaje.

Siwezi kukuahidi kwamba watakubali. Kinachopimwa ni kama kweli hamwezi kulala chumba kimoja kwa sababu ya ulemavu, na afisa ambaye hajaingia nyumbani kwenu anaweza kudhani kitanda kidogo kitaenea pembeni. Ndiyo maana maneno yako yahitaji ushahidi wa kusimama nao. Pima chumba, andika urefu na upana wake, andika ukubwa wa kitanda, wa mashine na wa kiti, na nafasi inayohitajika kumzungusha mgonjwa. Piga picha ukiwa mlangoni. Yule mtaalamu aliyekuja kupima nyumba kabla kitanda hakijaletwa bila shaka ana maelezo yake kwenye faili, muombe barua fupi. Daktari wenu naye anaweza kuandika kuhusu usiku unavyokwenda. Kisha ingia kwenye ukurasa wako wa Universal Credit, pale mnapoandikiana ujumbe, useme kwa maneno ya kawaida: mume wangu ana ulemavu, anapokea PIP ya maisha ya kila siku, hatuwezi kulala chumba kimoja kwa sababu hizi, naomba tuhesabiwe vyumba viwili. Andika mapema, kwa sababu mabadiliko mengi huhesabiwa kuanzia kipindi ulichoyatolea taarifa na fedha za nyuma hazirudi kirahisi.

Kuhusu zile za nyuma, omba uamuzi wa kwanza upitiwe upya. Muda wa kawaida ni mwezi mmoja na umeshaupita, lakini ombi la kuchelewa linaweza kupokelewa hadi miezi 13 ukieleza kwa nini. Kumuuguza mtu usiku na mchana na kutojua kwamba haki hiyo ipo ni maelezo ya kweli, yaandike. Wakikataa, kuna baraza la rufaa ambalo ni huru, halitozi ada, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili. Rufaa huchukua muda na inachosha. Kuna watu huishia njiani, na sitamlaumu mtu aliyechoka. Usiende peke yako, basi. Mtu wa Citizens Advice akiwa pembeni yako, hata kuandika tu kunakuwa kwepesi.

Wakati hayo yanasubiriwa, deni linaendelea. Halmashauri zina fedha za hiari za kuwasaidia wapangaji ambao msaada haufikii kodi yao, zimejulikana kwa jina la Discretionary Housing Payment. England fedha hizo zinaunganishwa na mfuko wa dharura, kwa hiyo jina utakalolikuta kwenye fomu linaweza kuwa jingine. Ulizia tu msaada wa pengo la kodi. Nyumba iliyokwisha kutengenezwa kwa ajili ya mlemavu ni sababu nzito kwenye maombi hayo, kwani kutengeneza bafu jingine na milango mingine kunagharimu mno kuliko pauni 67 za mwezi. Wala si fedha za uhakika. Hutolewa kwa muda, na unaweza kulazimika kuomba tena. Fomu itakuuliza mapato na matumizi yote, na pauni 50 za mama ziandike kama zilivyo. Huenda afisa akaziulizia. Mjibu kwamba ni dawa za mama yako. Ukizificha, ndipo utakapokuwa umempa sababu ya kutokuamini.

Rafiki yako wa darsa nisingependa umwone mbaya. Hofu yake haikutoka hewani. Mwaka 2025 serikali ilipendekeza kukaza masharti ya PIP, familia nyingi zikakosa usingizi, na ni Julai tu, baada ya wabunge wengi kupinga, ndipo sehemu hiyo ilipoondolewa kwenye muswada na suala likapelekwa kwenye mapitio. Lakini kuandika kuhusu chumba si kuomba mume wako apimwe upya. PIP ina tarehe yake ya kupitiwa, iliyoandikwa kwenye barua yake, na hiyo itafika ukilalamika au usipolalamika. Jiulize pia kunyamaza kumekulinda na nini mpaka sasa. Umenyamaza, na deni limefika pauni 400.

Sasa kijana wa dada yako. Hapa nataka uone hesabu vizuri, kwa sababu inavutia. Akiingia kama mpangaji wa ndani anayelipa, chini ya Universal Credit hizo pauni 70 hazipunguzi msaada wenu hata senti. Ila chumba bado kitahesabiwa cha ziada, kwa hiyo makato yanabaki. Hata hivyo ni kama pauni 303 kwa mwezi zinazoingia dhidi ya 67 zinazotoka. Akiingia kama jamaa wa nyumbani asiye mpangaji, chumba kinahesabiwa chake na makato yanaondoka, na kwa kuwa mume wako ana PIP (kama ni ile ya maisha ya kila siku), hamtakatwa mchango unaokatwa kwa kila mtu mzima wa ziada. Kwa njia zote mbili lazima uwaarifu Universal Credit na uangalie mkataba wako wa nyumba, na uulize punguzo lenu la kodi ya halmashauri (Council Tax) litaathirika vipi. Usichague jina la kumwita kwa kuangalia lipi lina faida. Muwe kile mtakachokiandika.

Kwenye karatasi, basi, kijana anashinda. Lakini huwezi kuwaambia kwamba unakihitaji chumba hicho kwa kulala, huku kijana amelala ndani yake. Ukimwingiza, haki niliyokueleza inapoteza nguvu siku hiyohiyo. Na kuna mgongo wako. Umeutaja kwa mstari mmoja ukapita, kama wanavyofanya wanaouguza wengine. Wewe ndiye unayemgeuza mzee usiku. Ukianguka wewe, hakuna kodi ya mpangaji itakayomgeuza. Kwa upande mwingine, kijana mwenye nguvu ndani ya nyumba naye ni msaada, anaweza kukupokea usiku mmoja mmoja, na upweke wako umenifikia hata kwenye barua. Huenda ukaona hilo lina uzito kuliko kitanda. Ni wewe unayezijua hizo usiku, siyo mimi.

Kuhama nimekuweka nyuma kwa sababu naona hata wewe hukutaki. Nyumba ya chumba kimoja maana yake ni sebuleni tena, safari hii moja kwa moja, na bafu la kusubiri litengenezwe upya. Hata kupata uhamisho ukiwa na deni la kodi huwa kugumu. Na kama kuna atakayekushawishi upange kwa mtu binafsi, fahamu kwamba msaada wa huko hupimwa kwa nyumba za bei ya chini za eneo, ulipandishwa Aprili 2024 kisha ukagandishwa huku kodi zikiendelea kupanda. Ungeacha pia mkataba wa halmashauri, ambao ni ulinzi mkubwa kwa mtu mgonjwa. Jambo moja ningelifikiria: wapangaji wa halmashauri na wa vyama vya nyumba wanaruhusiwa kubadilishana nyumba, na Leeds ina wapangaji wake. Kama moyo wako unamtaka mwanao karibu, kuhama kwa sababu hiyo ni habari tofauti na kuhama kwa kufukuzwa na pauni 67.

Kuhusu haya ya kuomba. Umesema mmekula jasho lenu, na nakuamini, basi lile la alfajiri limewabeba watu wengi. Lakini hata kama mume wako asingewahi kushika usukani siku moja, bado angehitaji mahali pa kulaza mwili wake, na wewe bado ungehitaji kulala. Usiifunge haki yake kwenye miaka aliyofanya kazi. Kuna wenzetu walemavu ambao hawakuwahi kupata nafasi ya kufanya kazi, na chumba wanakihitaji vilevile. Kuwaandikia kwamba wamekosea hesabu siyo kuombaomba.

Mama yako. Sijui mko wangapi. Umesema pauni 50 unazituma wewe, hukusema ndugu zako wanatuma nini. Yawezekana mzigo ulikuangukia kwa sababu uko Ulaya na hakuna aliyejua hali imebadilika. Pengine kuna wa Tanga anayeweza kubeba dawa nawe ukabaki na kidogo kwa miezi michache. Pengine hakuna, na utaamua kwamba hilo halikatwi liwe liwalo. Wapo watakaokuambia mwenye deni hana haki ya kutuma fedha nyumbani. Mimi siwezi kumwambia hivyo mtu mwenye mama.

Nimeacha mume wako mwisho kwa sababu ndipo ninapokuonea huruma zaidi. Unamficha ili usimuumize. Dai la Universal Credit la wanandoa ni la pamoja, na ushahidi wote nilioutaja unahusu mwili wake na usiku wake. Ofisi inaweza kumpigia yeye, daktari atamuuliza yeye. Sioni namna ya kudai chumba hiki bila yeye kujua, na kujua kwa mdomo wa mgeni kutamuuma kuliko kujua kwako.

Kiharusi kimemchukulia mkono na ulimi. Umeandika kwamba alishika hesabu maisha yenu yote, hukuandika kwamba hesabu zimemtoka. Inawezekana kilichomfanya ajione mzigo ni kiharusi, na inawezekana pia ni kuona mambo ya nyumba yanapita juu ya kichwa chake. Ukikaa naye saa ambayo hajachoka, na barua mkononi, ukamwambia wameandika hivi na mimi naona wamekosea, nisaidie kujibu, umempa kazi badala ya lawama. Anaweza bado kulia. Anaweza kusema neno lile unaloliogopa. Watu wengi baada ya kiharusi huingia kwenye huzuni inayohitaji matibabu, kwa hiyo ukiona giza hilo haliondoki, mwambie daktari waziwazi, usilichukulie kuwa ni tabia yake mpya. Unaweza kuamua kusubiri mpaka umpate mtu wa Citizens Advice, ili siku unapomwambia uwe na njia ya kumwonyesha. Hilo nalo ni busara, mradi kusubiri kusiwe miezi.

Na mwanenu wa Leeds, je, anajua? Barua yako haisemi. Nahisi umemficha naye, kwa kuogopa ataacha kazi arudi, au atajiona ndiye aliyewaletea makato kwa kuondoka. Kijana aliyelala chumba cha pili cha nyumba ile anajua vizuri kuliko afisa yeyote kwamba mama yake alikuwa analala sakafuni, na anaweza kuyaandika hayo na kuyatia sahihi. Hata bila kurudi, anaweza kukujazia fomu mtandaoni jioni moja kwa simu.

Niandikie watakachokujibu, hata kama ni kukataa. Barua ya kukataa inabidi iseme sababu, na tutaisoma pamoja hapa bila jina lako.

Wako, Mshauri